Kujiandaa na mtihani wa kidato cha nne bila kuumia akili: mwongozo kamili kwa mtahiniwa na wanaomlea

Kuanzia Agosti, shule nyingi za sekondari hapa Tanzania hubadilika sura. Kidato cha nne wanaingizwa kambini, prepo (kujisomea darasani) ya usiku inaongezwa saa, likizo inafutwa, na kila mgeni anayesimama mstarini anarudia neno lilelile: mwaka huu hatutaki ziro. Nyumbani nako simu hazikatiki. Mjomba anauliza, shangazi anauliza, jirani anauliza, na wote wanauliza kwa upendo. Ikifika Novemba, zaidi ya watahiniwa laki tano wanaingia kwenye vyumba vya mtihani nchi nzima, na wengi wao wameshachoka kabla ya kufungua pepa la kwanza.

Niseme mapema ninachokiamini, maana mwongozo wote unasimama hapo. Sehemu kubwa ya mateso ya watoto hawa haitokani na ugumu wa maswali. Inatokana na kutojua mtihani unaamua nini na hauamui nini, na kutokuwa na mpango wowote wa siku ya matokeo. Shule inatumia miaka minne kumwandaa mtoto kwa pepa la saa tatu, lakini hakuna anayekaa naye hata nusu saa kumwandaa kwa siku ile mkeka, yaani orodha ya matokeo, unapotoka. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake kama muda upo. Kama umebakiza wiki chache, soma ya kwanza, ya tatu na ya mwisho.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya mtihani wako kwa kalamu

Hofu hunenepa pale ambapo namba hazijulikani. Mwanafunzi anaishi na sentensi moja kichwani, "lazima nipate divisheni wani", bila kuwahi kukaa akaona divisheni wani inatengenezwa na nini. Chukua karatasi.

Kwa utaratibu wa madaraja unaotumiwa na Baraza la Mitihani, alama 75 hadi 100 ni A, 65 hadi 74 ni B, 45 hadi 64 ni C, 30 hadi 44 ni D, na chini ya 30 ni F. A ina pointi 1, B ina 2, C ina 3, D ina 4, F ina 5. Zinachukuliwa pointi za masomo saba uliyofanya vizuri zaidi, zinajumlishwa. Jumla ya 7 hadi 17 ni daraja la kwanza, 18 hadi 21 la pili, 22 hadi 25 la tatu, 26 hadi 33 la nne, na 34 au 35 ndiyo sifuri.

Sasa tazama hesabu hizo zinasema nini. Mtu mwenye C saba ana pointi 21, yaani daraja la pili, na C inaanzia alama 45. Mtu mwenye B nne na C tatu ana pointi 17, yaani daraja la kwanza, na hana A hata moja. Nimewaona vijana wakitoa macho wanapoandika hesabu hii kwa mkono wao wenyewe. Walikuwa wanaamini daraja la kwanza ni la wanaopata tisini kila somo, kwa hiyo kila jaribio waliloambulia 58 walilihesabu kuwa msiba.

Hisabati nayo iwekwe mahali pake. Mwaka hadi mwaka ndiyo somo linalotoa F nyingi, na wengi hubeba hofu yake mpaka ikawaharibia masomo mengine. Ukiwa na masomo mengine saba mazuri, F ya Hisabati haiingii kwenye pointi zako. Sisemi uiache, kwa sababu zipo tahasusi (michepuo ya masomo ya kidato cha tano) na kozi zinazoidai. Ninachosema ni kwamba usiiruhusu ikule usingizi wa Jumatatu mpaka Jumapili.

Kisha andika alama zako za mtihani wa moko, yaani ule wa majaribio, somo kwa somo, na pembeni andika daraja moja juu yake kwa masomo mawili au matatu tu ambayo unaona yanawezekana. Mwenye 41 ya Jiografia yuko alama nne tu chini ya C. Hilo ndilo lengo lako la miezi iliyobaki, na ni lengo unaloweza kulishika mkononi. "Kufaulu vizuri" hakushikiki.

Mwisho wa karatasi hiyo, andika ngazi za chini zinafungua nini. Kidato cha tano kwa kawaida kinahitaji angalau C tatu na pointi zisizozidi 25. Kozi nyingi za astashahada kwenye vyuo vya kati zinaanza na D nne za masomo yasiyo ya dini, ingawa za afya zinataja masomo yake ya sayansi. Vyuo vya ufundi stadi vya VETA na vyuo vya maendeleo ya wananchi vina milango yake. Kijana akijua kwamba chini ya ndoto yake kuna sakafu, ataacha kusoma kama mtu anayekimbizwa.

Hatua ya 2: Itambue hofu inayosaidia na ile inayoharibu

Hofu kidogo kabla ya mtihani ni ya kawaida, tena ina faida. Mwili unamwaga adrenalini, moyo unaongeza kasi, akili inakuwa macho. Tatizo ni pale hali hiyo inapodumu wiki baada ya wiki bila kushuka. Homoni ya msongo iitwayo kotisoli ikikaa juu muda mrefu, usingizi unavurugika, tumbo linaanza kuwaka, na kumbukumbu yenyewe inadhoofu. Ndiyo maana mtoto anasoma ukurasa mara tano na haukai.

Kwa watoto wetu msongo mara nyingi huja kwa mlango wa mwili. Hawasemi "nina wasiwasi". Wanasema kichwa kinauma, tumbo linasokota, kifua kinabana, macho hayaoni vizuri. Wengine wanatumia dawa za vidonda vya tumbo miezi mingi bila kupimwa. Shule za bweni za wasichana zinajua pia jambo jingine: msichana mmoja anaanguka akilia, wa pili anafuata, jioni bweni zima linapiga kelele na watu wanataja mapepo. Mfano uliojulikana dunia nzima ulitokea hapahapa. Mwezi Januari 1962, katika shule ya wasichana ya Kashasha huko Kagera, wanafunzi watatu walianza kucheka bila kuweza kujizuia. Hali hiyo ikaenea mpaka kufikia 95 kati ya wanafunzi 159, na Machi shule ikafungwa. Watafiti waliolichunguza tukio hilo baadaye wamelihusisha na msongo wa watoto wasio na njia nyingine ya kusema kwamba wameelemewa. Mwalimu, ukiona hali hiyo mwezi Septemba, watenganishe kwa upole, wapumzishe, waite wazazi na mganga wa zahanati, kisha ukaitazame ratiba yako ya prepo.

Mwanafunzi, fanya kipimo hiki kila Jumapili jioni kwenye daftari dogo. Wiki hii nimelala saa ngapi kwa usiku wa kawaida? Nimekula kama kawaida? Kuna kitu kimoja kilichonifurahisha? Nimeweza kukaa na kitabu nusu saa nikaelewa? Majibu mabaya ya wiki moja si kitu. Yakiwa mabaya wiki mbili mfululizo, nenda hatua ya 6 bila kusubiri.

Hatua ya 3: Rudisha usingizi kabla ya kuongeza kusoma

Hapa ndipo shule zetu zinapowaumiza watoto zaidi, na nitakaa hapa kidogo.

Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10 kwa usiku mmoja. Bweni ambalo prepo inaisha saa 5 usiku na kengele inapigwa saa 10 alfajiri linampa saa tano, tena kama alilala papo hapo. Juu ya hapo wapo wanaobaki wakipiga msuli mpaka saa 8 usiku, miguu ikiwa kwenye beseni la maji baridi ili wasisinzie, na kahawa au kinywaji cha kuongeza nguvu mezani. Wengine wameletewa vidonge au mirungi na wenzao. Asubuhi mwalimu wa Kemia anafundisha darasa la watu waliofumba macho, anakasirika, anawasimamisha nyuma.

Usingizi ni sehemu ya kusoma. Ubongo unapanga na kuimarisha yale ya mchana wakati umelala. Ukikata usingizi, unatupa sehemu ya kazi uliyoifanya jioni. Mtu aliyesoma kwa muda wa saa tatu akalala kwa muda wa saa nane anaweza kumwacha aliyesoma kwa saa saba akalala kwa saa nne tu.

Fanya hivi. Chagua saa ya kuamka ambayo huwezi kuibadilisha, labda saa 11 alfajiri, kisha hesabu kurudi nyuma saa nane. Hiyo ni saa 3 usiku. Kama sheria za bweni haziruhusu, fika karibu na hapo kadiri unavyoweza, na mchana baada ya chakula lala dakika 20 kichwa kikiwa juu ya dawati. Kahawa na chai kali ziishe saa 8 mchana. Nusu saa ya mwisho kabla ya kulala usifungue somo unaloliogopa. Soma lile jepesi, au panga daftari za kesho. Ukiwa kitandani mawazo yakaanza kuzunguka, vuta hewa puani ukihesabu mpaka nne, itoe taratibu ukihesabu mpaka sita, ufanye hivyo dakika tano. Pumzi ndefu ya kutoka ndiyo inayoupa mwili ishara kwamba hatari imepita, na haigharimu kitu.

Wanafunzi mnaweza kumwendea mwalimu wa taaluma kwa pamoja na kwa adabu, kupitia viranja: "Shikamoo mwalimu. Tunaomba prepo ya usiku iishe saa 4, na asubuhi tuingie mapema kidogo. Tujaribu wiki mbili, halafu tutazame alama za majaribio." Ombi lenye muda na kipimo ni gumu kukataliwa kuliko malalamiko.

Kwa wa kutwa, adui wa usingizi ni mwingine: safari ndefu ya miguu na kazi za nyumbani. Msichana anafika saa 12 jioni, anateka maji, anapika, anaosha vyombo, anaogesha wadogo zake, na daftari linafunguliwa saa 4 usiku akiwa amekwisha. Mzazi, kuanzia Agosti mpaka mwisho wa Novemba, wagawie wengine kazi hizo, na kaka zake wawemo. Utakuwa umemsaidia kuliko kumlipia tuisheni ya tatu.

Hatua ya 4: Soma kwa namna inayopunguza hofu

Kuna kusoma kunakotuliza na kuna kusoma kunakoongeza wasiwasi. Kurudia madesa (notsi za kunakili) kwa macho, kupaka rangi mistari, kukremu mpaka maneno yapoteze maana: haya yanakupa hisia kwamba unajua, na hisia hiyo inavunjika mara ya kwanza unapoona swali limegeuzwa. Hapo ndipo hofu inapoingia.

Geuza utaratibu. Soma mada kwa dakika 25, funga daftari, chukua karatasi tupu, andika yote unayokumbuka. Kisha fungua utazame ulichoacha. Inachosha na inaonyesha mapengo, ndiyo maana wengi wanaikwepa, lakini kujiuliza na kujijibu kunakaza kumbukumbu kuliko kurudia kusoma. Rudia mada hiyohiyo baada ya siku mbili, kisha baada ya wiki, kisha baada ya mwezi. Pasti pepa zifanywe kwa saa, kimya, bila simu, hata kama ni sehemu moja tu ya pepa. Mwili ukizoea hali ile, siku yenyewe haitakuwa ngeni.

Lugha nayo isemwe wazi. Mtoto aliyesoma msingi kwa Kiswahili anajibu Baiolojia na Historia kwa Kiingereza, na mara nyingi anachoshindwa si somo bali amri ya swali. Kaeni kwenye diskasheni mkusanye maneno ya amri yanayorudi kwenye pepa zilizopita, kama kueleza, kutofautisha, kutathmini, na mfanye mazoezi ya kila moja linataka jibu la sura gani. Wapo wanaojiita wajinga miaka minne kwa sababu hii moja.

Acha nusu siku moja kila wiki bila kitabu kabisa. Cheza mpira, fua, nenda kanisani au msikitini, kaa na marafiki mkicheka.

Na ujumbe wa simu unaouza "pepa la kesho" ufute bila kuujibu. Wauzaji wanawinda watu walioshikwa na hofu, na atakayebainika kudanganya hufutiwa matokeo.

Hatua ya 5: Mzazi na mwalimu, badilisheni maneno

Mzazi, unajua ulichouza ili ada ipatikane, na mtoto naye anajua. Ukimkumbusha kila simu, unamfungia mzigo mgongoni halafu unamwambia akimbie. "Nimeuza ng'ombe kwa ajili yako", "wewe ndiye tegemeo la ukoo", "usije ukaniaibisha", "mbona mtoto wa fulani": kila moja ya sentensi hizi humfikia mtoto kama tishio kwamba upendo una masharti ya pointi 17.

Useme nini badala yake? Kwanza uliza yasiyohusu alama. "Umekula nini leo? Unalala?" Kisha umwambie hivi, kwa maneno yako, angalau mara moja kabla ya Novemba na uwe unamwangalia usoni: "Mwanangu, fanya unavyoweza. Matokeo yatakayokuja, yoyote, tutakaa chini tuyapange pamoja. Hutafukuzwa hapa na hutapigwa." Usidhani anajua. Wengi hawajui mpaka wasikie kwa masikio yao.

Baba ambaye hajazoea kuzungumza na mtoto hivi anaweza kuanza kwa kumtembelea shuleni bila kuuliza matokeo ya moko. Alete matunda, wakae chini ya mti, waongee habari za nyumbani.

Kwa walimu nina ombi moja. Mwezi Januari 2023 Baraza la Mitihani lenyewe liliacha kutangaza shule na wanafunzi walioongoza kitaifa. Kama chombo kinachosimamia mtihani kimeachana na orodha hizo, shule ina sababu gani ya kubandika ukutani majina ya walioshika mkia, au kuwachapa viboko kwa alama za moko? Fimbo haifundishi Fizikia. Mtoto aliyechapwa kwa 28 atajificha ukija muda wa kuuliza maswali, na ndiye aliyekuwa anahitaji kuuliza kuliko wote. Mwite ofisini, mwonyeshe pepa lake, mtafutie alama kumi rahisi za kuanzia.

Hatua ya 6: Zitambue dalili za hatari na uchukue hatua siku hiyohiyo

Huzuni, kukosa usingizi, kukosa hamu ya kula, kujitenga, hasira zisizo za kawaida, kulia bila sababu, kuacha kuoga au kujali mavazi: zikidumu wiki mbili au zaidi, hilo ni jambo la kupelekwa kwa mtaalamu. Usiliite uvivu.

Mwanafunzi, chagua mtu mzima mmoja kabla mambo hayajawa mabaya. Anaweza kuwa mwalimu wa ushauri nasaha, matroni au patroni, mama mdogo, kaka mkubwa. Sentensi ya kuanzia iko hapa, ichukue kama ilivyo: "Shikamoo. Naomba dakika chache faragha. Sijisikii vizuri kichwani kwa muda sasa, na nashindwa kulibeba peke yangu." Asipokuelewa, tafuta wa pili. Kutoeleweka na mtu mmoja hakumaanishi kwamba hakuna atakayeelewa.

Dalili nyingine hazisubiri wiki mbili. Mtoto akisema "bora nisingekuwepo", "mtapumzika nikiondoka", akigawa vitu vyake anavyovipenda, akiaga kwa namna isiyoeleweka, au akiwa ameshajiumiza, chukua hatua saa hiyohiyo. Muulize moja kwa moja, kwa sauti ya utulivu: "Unafikiria kujiua?" Watu wanaogopa kwamba swali hilo litampa wazo, lakini kuuliza hakumpandikizii mtu wazo la kujiua, na mara nyingi humpa nafuu kwamba hatimaye kuna aliyeona. Akisema ndiyo, usimhutubie wala usimtishe kwa moto wa jehanamu. Msikilize. Asibaki peke yake, hata chooni mtu awe mlangoni. Dawa za kilimo, vidonge na kila kitu cha kujidhuria kiondoke nyumbani au kifungiwe na mtu mwingine ashike ufunguo. Hatua hii ndogo imeokoa wengi, kwa sababu wimbi kali la kutaka kufa mara nyingi hupita. Kisha mpelekeni hospitali.

Hospitali ya wilaya au ya mkoa ndiyo pa kuanzia; ulizeni huduma ya afya ya akili. Kwa rufaa zipo Muhimbili jijini Dar es Salaam, Mirembe kule Dodoma, KCMC Moshi, Bugando Mwanza, na Kidongo Chekundu kwa walioko Unguja. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri anaweza kusaidia pale nyumbani kwenyewe ndiko tatizo liliko. Mtoto anaweza kupiga 116 bila malipo, Tanzania na Kenya pia, akaongea na mshauri. Kenya ipo vilevile namba 1199 ya Msalaba Mwekundu. Familia ikitaka kumwombea, imwombee, na hospitali aende.

Hatua ya 7: Wiki za pepa

Fupi, maana hapa kazi kubwa imeshafanyika. Usiku wa kuamkia mtihani, weka tayari kalamu, rula, namba yako ya mtihani na sare. Msichana aongeze pedi hata kama siku zake ziko mbali. Lala saa yako ya kawaida. Asubuhi kula kitu ulichokizoea, uji au chai na mkate, na maji.

Kama hofu imekushika kooni kabla ya kuingia, chukua dakika kumi, andika kwenye karatasi kila unachokiogopa kuhusu pepa hilo, kisha uichane. Jaribio lililochapishwa mwaka 2011 kwenye jarida la Science lilionyesha kwamba wanafunzi wenye hofu ya mitihani walioandika hivyo walifanya vizuri zaidi. Ndani ya chumba, akili ikiganda, weka kalamu chini, kanyaga sakafu kwa miguu yote miwili, pumua mara kumi kwa ile namna ya nne na sita. Anza na swali unalolijua hata kama ni la tisa.

Ukitoka, usisimame na kundi linalolinganisha majibu. Pepa lililokusanywa halibadiliki, na la kesho bado liko mikononi mwako.

Hatua ya 8: Andaa siku ya matokeo kabla haijafika

Matokeo kwa kawaida hutoka Januari, mara nyingi bila taarifa ya mapema. Yanapandishwa mtandaoni kwa shule na namba za watahiniwa, kwa hiyo yeyote mwenye namba yako anaona kila somo lako, hata kabla yako. Basi kitu cha kwanza ni hiki: namba yako ya mtihani ni yako. Mpe mzazi, na mtu mmoja unayemwamini. Jirani, mjomba wa mbali na kundi la WhatsApp la ukoo hawaihitaji. Mzazi naye asiisambaze, kwa sababu picha ya matokeo ikishaingia kwenye makundi hairudi.

Wakati wa Krismasi, kila mtu akiwa bado ametulia, kaeni mezani mtahiniwa na wazazi mkaandike mambo manne. Nani atafungua matokeo, mtoto mwenyewe au mzazi kwanza? Atakuwa wapi na nani saa hiyo? Tutawajibu nini wanaopiga simu? Na njia zetu ni zipi?

Jibu la simu liwe moja kwa wote: "Tunamshukuru Mungu, yametoka, tunapanga hatua inayofuata." Hakuna anayedai zaidi ya hapo kwa haki.

Njia ziandikwe tatu, zikiwa na majina halisi ya mahali. Ya kwanza ni kidato cha tano na tahasusi mnazozitaka, pamoja na ya akiba, kwa kuwa tangu 2024 tahasusi zimeongezwa sana na wengi hawajazisoma. Ya pili ni chuo cha kati au VETA: chuo gani, kozi gani, ada kiasi gani, kiko wapi. Nendeni mkakione kabla, mtoto aone wanafunzi wenzake wakiwa na vifaa mikononi. Ya tatu ni kurisiti, yaani kurudia mtihani, kama mtahiniwa wa kujitegemea, tena kwa masomo mtakayoyachagua tu. Njia ya tatu ikiwa imeandikwa Desemba, Januari haitasomeka kama mwisho wa dunia.

Waliomaliza 2012 wanakumbuka. Matokeo yalitangazwa Februari 2013 na zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa na sifuri. Nchi ikatikisika, tume ikaundwa, matokeo yakafutwa na kupangwa upya, na baadhi ya walioitwa sifuri wakajikuta wana daraja. Karatasi zao zilikuwa zilezile.

Siku yenyewe, yakiwa mazuri, furahini. Yakiwa mabaya, mzazi aseme kwanza ile ahadi ya hatua ya 5, maneno yaleyale, halafu anyamaze. Mtoto akilia, alie. Maswali ya "ulikuwa unafanya nini shuleni" yasiulizwe jioni hiyo wala kesho yake. Simu yake akubali kuiweka pembeni siku mbili tatu, maana wenzake watakuwa wanarusha matokeo yao. Asilale chumba cha peke yake usiku wa kwanza. Mdogo wake au binamu alale naye bila kufanywa kama mlinzi. Kwa wiki mbili zinazofuata, fuatilieni anavyolala na anavyokula, na mrudi hatua ya 6 mkiona dalili.

Baada ya siku tatu au nne, toeni ile karatasi ya Krismasi. Kama alama fulani hailingani kabisa na alivyokuwa akifanya, upo utaratibu wa rufaa kwa ada, na una muda wake, kwa hiyo ulizeni shuleni mapema. Kama mmechagua kurisiti, dirisha la usajili wa watahiniwa wa kujitegemea hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka, na anayechelewa huongezewa faini. Nendeni kituo cha karibu mkiwa na namba yake ya mtihani, mchague masomo machache anayoweza kuyapandisha, na mumtafutie shughuli ya nusu siku, duka, gereji, shamba au kompyuta, ili asikae mwaka mzima akiwa na kitabu na mawazo tu.